Mjadala: Je, ngoma za pepo zipigwe marufuku?

Nafungua mada hii kwa sababu ya maneno niliyoyasikia msibani wiki iliyopita, tena kutoka kwa watu ninaowaheshimu. Mmoja alisema ngoma za pepo ni ushirikina mtupu, serikali izifute kama ilivyowafuta wapiga ramli. Muuguzi mmoja akaongeza kwamba anayepandwa na pepo ni mgonjwa wa akili aliyecheleweshwa hospitali. Mimi napinga marufuku. Lakini nina sharti moja zito, na limetoka ndani ya ukoo wetu.

Nianze na kilinge chenyewe, yaani mahali ngoma ya pepo inapochezwa, maana wengi wanaobishana hawajawahi kukaa hapo. Nilikuwa na miaka kama kumi na miwili, Pangani, shangazi yangu alipochezewa ngoma. Alikuwa amefiwa na mtoto. Miezi ikapita hali chakula, halali usingizi, kifua kinambana, na kila akipimwa hakionekani kitu. Usiku ule aliketishwa mkekani, akafunikwa shuka jeupe, chetezo kikaingizwa chini ya shuka mpaka moshi wa ubani ukawa unavuja kwenye pindo. Wapigaji hawakuwa na haraka. Kila pepo ana wimbo wake na mapigo yake, kwa hiyo walibadilisha wimbo baada ya wimbo, na fundi, yaani mganga anayeongoza ngoma, hakuangalia kitu kingine ila mabega ya shangazi. Wimbo wa nne au wa tano, bega la kushoto likaanza kutetema. Sauti iliyotoka ilikuwa nzito, yenye Kiarabu cha kuungaunga, ikataka marashi, halua na kanzu mpya. Kisha ikasema: "Kiti wangu hajalia. Mmemkataza kulia." Mume wa shangazi, aliyekaa mlangoni, aliinamisha kichwa.

Kiti ndiye mtu anayepandwa. Na yule ruhani, pepo aliyempanda shangazi, hakufukuzwa. Aliulizwa jina na kabila, akaulizwa anachotaka, akaandaliwa chano cha vitu alivyotaka, naye akaahidi kumwachia kiti wake ale na alale. Wapo wanaopunga pepo ili atoke asirudi, lakini ngoma nyingi za pwani ni mapatano. Siberia, lilikotoka neno shamani, mganga ndiye anayesemwa kuwa roho yake husafiri kwenda kwa mizimu. Kwetu pepo ndiye anayesafiri, na hata anakotoka panajulikana: ruhani ni wa Uarabuni, kibuki wa Unguja ni wa Bukini, yaani Madagaska. Nje ya pwani yetu, Oman, Sudan na Ethiopia wana ngoma yao ya pepo iitwayo zar, nayo inafanana na hizi kwa mengi.

Maneno yale shangazi angeyasema kwa kinywa chake, angeambiwa avumilie, ni kazi ya Mungu. Yaliposemwa na ruhani nyumba nzima ilinyamaza. Sihitaji mtu akubali kwamba ruhani yupo ndipo akubali kwamba mama yule alisikilizwa, na kwamba baada ya hapo alikula.

Sasa nimjibu muuguzi. Mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, ICD-11, ulioanza kutumika Januari 2022, unautaja ugonjwa wa kupagawa. Lakini hauuiti ugonjwa pale hali hiyo inapokuwa sehemu ya ibada au desturi inayokubalika katika jamii ya mtu. Ugonjwa ni pale inapomjia bila hiari, ikamtesa na kumvurugia maisha. Wala si jambo letu peke yetu: mwanaanthropolojia Erika Bourguignon alipopitia jamii 488 za dunia, asilimia 90 zilikuwa na desturi rasmi ya kuingia katika hali kama hii. Na wale wanaosema ni mambo ya wanawake wanyonge, basi, Linda Giles aliyefanya utafiti pwani ya Kenya na Tanzania aliipinga hoja hiyo tangu 1987. Alikuta vilingeni watu wa kila daraja. Malawi wenyewe hawakuona aibu. Ngoma yao ya tiba, vimbuza, imo katika orodha ya urithi ya UNESCO tangu 2008.

Kuhusu ramli, marufuku ya Januari 2015 Tanzania ilitokana na mauaji ya watu wenye ualbino. Ramli chonganishi hunyoosha kidole kwa jirani, na kidole hicho huua. Ngoma niliyoiona haikumtuhumu mtu uchawi. Ila nakiri, kilingeni yakianza maneno ya "jini la kutumwa na fulani", hapo tumeshaingia kwenye ramli, na sheria ifanye kazi yake. Mashehe nao wanapokemea brandi inayonywewa kwenye kibuki, sina ubishi nao.

Sharti langu ni hili. Binamu yangu alikuwa na kifafa. Alikuwa anameza vidonge kila jioni, na miaka miwili ilikuwa imepita bila kuanguka. Mganga mmoja akasema vidonge vinamkasirisha pepo, akaagiza viachwe siku arobaini. Siku ya tisa alianguka juu ya jiko la mkaa, peke yake, uji ukiwa jikoni. Mkono wake wa kulia hadi leo haukunjuki. Nimeshauosha mkono huo, nimeshaufunga bandeji, na kila nikisikia mtu anatetea uganga kwa jumla jumla nauona mbele yangu.

Tofauti inaonekana kwa macho, na mafundi wakongwe wanaijua. Pepo wa ngoma huitwa kwa wimbo, husema, hujibu maswali, na wimbo ukiisha huondoka. Kifafa hakisubiri wimbo. Kinamkuta mtu kisimani, barabarani, kitandani. Anakakamaa, anauma ulimi, anajikojolea, akizinduka hajui alipo. Huyo ni wa hospitali leo hii. Na anayepandwa kila siku bila ngoma, akaacha kazi na watoto, au anayesikia sauti zikimwamuru ajidhuru, naye vilevile.

Tanzania Bara ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na Baraza linalosajili waganga. Nataka sharti liandikwe kwenye usajili: mganga asimwachishe mtu dawa ya hospitali, asimfunge kamba wala mnyororo, asimchape kwa kisingizio cha kumtoa jini. Akivunja, afungiwe. Upande wa pili, daktari aulize bila kucheka kama mgonjwa ameshachezewa ngoma, kwa sababu akicheka mgonjwa hatasema, na hatarudi. Tukipiga marufuku, ngoma zitahamia mashambani usiku wa manane, na hakuna muuguzi atakayefika huko kumwona mwenye kifafa.

Mnaopinga, leteni hoja. Ila ningependa kuwasikia kwanza wenye vilinge: mkiletewa mtu ameuma ulimi na nguo zimelowa, huwa mnawaambia nini waliomleta?