Tupeane uzoefu: mlionusurika sepsisi, mlijuaje kwamba mmepona? Na watafiti waliwauliza nini?

PumziMpya (mwanzisha mada)

Habari zenu ndugu zangu. Humu tumeshaulizana sana kuhusu dalili za sepsisi (pale mwili unapopambana na maambukizi hadi unaumiza viungo vyake wenyewe), dawa, nani kalazwa na nani katoka. Yanayomkuta mtu baada ya kutoka hayasemwi sana, ndiyo maana nimefungua uzi huu.

Naanza mimi. Niliingizwa ICU (wodi ya wagonjwa mahututi) sina fahamu, maambukizi yalianzia kwenye njia ya mkojo. Ndugu zangu wakaombwa ridhaa niingie kwenye utafiti wa majaribio ya tiba, wakakubali. Nilipozinduka nami nikaulizwa, nikakubali. Sijuti hata kidogo, maana tiba tunazopata leo zipo kwa sababu kuna wagonjwa waliokubali kabla yetu. Ila baadaye nilikaa nikaisoma ile fomu ya maelezo kwa utulivu, nikakuta kipimo kikuu cha utafiti ni kimoja: je, mgonjwa yu hai siku ya 28?

Nilikuwa hai. Nilikuwa pia siwezi kuinua kikombe cha maji kwa mkono mmoja, nageuzwa kitandani na watu wawili, na usiku naona watu ukutani ambao hawapo. Mgonjwa wa kitanda cha jirani alikuwa keshatoka, anatembea. Kwenye takwimu za utafiti mimi na yeye tumeandikwa jambo lilelile.

Nawaelewa watafiti. Makadirio yaliyochapishwa 2020 yanasema mwaka 2017 watu milioni 48.9 duniani waliugua sepsisi na milioni 11 wakafariki, karibu kifo kimoja katika kila vitano. Ugonjwa wa aina hii lazima uanze kwa kuhesabu vifo. Lakini tuliobaki nasi ni mamilioni, na ninachotaka kusema ni hiki: tiba ikituacha hai, iulizwe pia imetuacha tukiwa na hali gani, na wa kujibu hilo ni sisi.

Kwa hiyo tuelezane. Uliulizwa nini? Ni kipi hawakukuuliza? Siku gani ulisema moyoni, sasa nimerudi?

MwalimuWaHesabu

Pole sana dada, na asante kwa kuanzisha.

Mimi nilipigiwa simu miezi mitatu baada ya kutoka hospitali, nikasomewa maswali ya EQ-5D. Kwa wasioyajua, yanagusa mambo matano: kutembea, kujihudumia, shughuli zako za kawaida, maumivu, na wasiwasi au huzuni. Kisha unajipa alama ya afya yako ya siku hiyo kati ya 0 na 100. Kutembea, sina tatizo. Kuoga na kuvaa, sina tatizo. Maumivu sina. Nikajipa 80, na aliyenipigia akanipongeza.

Katika yale matano hakuna linalouliza kumbukumbu. Na mimi shida yangu yote ilikuwa kichwani. Nafungua kitabu nilichofundishia miaka mingi, nikifika mwisho wa ukurasa mwanzo wake umeshafutika. Niliporudi darasani nilisimama na chaki mkononi katikati ya mlinganyo, nikawa sijui nimetoka hatua gani naenda ipi. Wanafunzi walikaa kimya kwa heshima. Nilitamani hata mmoja acheke.

Baadaye kliniki nyingine ikanipima kwa kipimo kinachoitwa MoCA. Unachora uso wa saa, unapewa maneno matano uyataje tena baada ya dakika chache, unatoa 7 kwenye 100 mfululizo. Nikasema 93. Nikasema 86. Hapo nikakwama. Mimi, mwalimu wa hisabati, naitafuta namba inayofuata siioni. Yule daktari alisubiri tu, hakunihimiza. Kipimo kina alama 30 na kwa kawaida kuanzia 26 ndiyo huhesabiwa kuwa sawa. Mimi nilikuwa chini sana.

Sasa niambieni, utafiti ulionipa 80 ulipima kupona kwangu au ulipima miguu yangu?

PumziMpya

Mwalimu, umenigusa. Na hauko peke yako. Kuna utafiti wa Marekani wa 2010 uliofuatilia wazee ambao tayari walikuwa wakihojiwa kila baada ya muda hata kabla hawajaugua. Wenye udhaifu wa akili wa kiwango cha kati hadi kikubwa walikuwa asilimia 6.1 kabla ya sepsisi kali, wakawa asilimia 16.7 baada yake. Nguvu ya utafiti ule ni kwamba hali ya kabla ilikuwa imeshaandikwa, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema eti walikuwa hivyo tangu zamani.

MkeWaFundi

Hilo la kabla ndilo lililonileta. Mume wangu alikuwa hajiwezi, dodoso nikajaza mimi kwa niaba yake. Swali la kwanza likanishinda: "Kabla ya kuugua, afya yake ilikuwaje?" Jamani, mtu amelala na mashine ya kupumulia, unamkumbuka wa jana kama malaika. Nikaandika alikuwa mzima kabisa. Ukweli ni kwamba goti lilikuwa linamsumbua na sukari alikuwa nayo.

Miezi sita baadaye tuliulizwa wote wawili, kila mtu kivyake. Yeye akasema anaendelea vizuri, mimi nikasema bado sana. Yeye alikuwa anapima na siku aliyoshindwa kukaa kitandani bila kushikwa. Mimi nilikuwa napima na mtu aliyekuwa anabeba mbao begani tangu asubuhi. Hatukuwa tunadanganya, wala mmoja wetu hakukosea. Ila aliyeyachukua majibu yetu sijui aliandika lipi.

Na jambo la pili, mimi mwenyewe hakuna aliyeniuliza hali yangu. Usiku nilikuwa naweka mkono kifuani kwake kuhakikisha anapumua, na hilo liliendelea muda mrefu baada ya yeye kupata nafuu. Ugonjwa ulimlaza mmoja, lakini ulikaa nyumba nzima.

KijanaImara

Mimi fupi tu. Nywele zilianza kudondoka miezi michache baada ya kutoka, nikadhani ugonjwa umerudi, nikakimbizwa hospitali kwa hofu. Kumbe hutokea baada ya ugonjwa mkali na zinaota tena. Swali la nywele sikuulizwa popote, na kabla ya kuruhusiwa sikuambiwa. Kuambiwa tu kungeniokolea hofu ile.

NesiWaSimu

Wapendwa, mimi niko upande wa pili wa hizo simu. Nafanya kazi ya kuwafuatilia wagonjwa wa utafiti, na nimesoma kila mlichoandika. Niwaambie yanayotokea huku.

Unapiga namba, haipokelewi. Unapiga jioni, haipokelewi. Unajaribu namba ya ndugu, anapokea mtu anasema "huyo tumemzika." Unakaa na simu mkononi, na fomu mbele yako ina nafasi ya kuandika alama za huzuni za mtu ambaye hayupo. Au mgonjwa anapokea, na kwa swali la tatu unasikia pumzi imemwisha. Unasimama. Hakuna dodoso lenye thamani kuliko mtu kupumua.

Wanaopokea kwa furaha na kumaliza maswali yote mara nyingi ndio waliopata nafuu zaidi. Waliolemewa ndio wanaopotea. Kwa hiyo matokeo yakichapishwa, picha inakuwa nzuri kuliko hali halisi. Mkiona utafiti, angalieni kwanza ni wangapi walioanza na ni wangapi waliojibu mwishoni.

Mwalimu, umesema kweli kuhusu kumbukumbu. Mwaka 2017 wataalamu pamoja na wagonjwa na familia zao walikubaliana seti ya vipimo vya kutumia kwa walionusurika kushindwa kupumua ghafla, na wengi wa hao huwa na sepsisi. Wakaafikiana EQ-5D, dodoso la HADS la wasiwasi na sonona, na la IES-R la kiwewe. Kwa upande wa akili na kumbukumbu hawakufikia mwafaka wa kipimo kimoja. Kila utafiti ukichagua chake, huwezi kulinganisha matokeo.

Mtakwimu

Niongeze jambo ambalo hata watu wa fani yangu hulipita haraka. Tuseme dawa A inawaokoa wagonjwa waliokuwa mahututi kabisa, na dawa B haiwaokoi. Baada ya miezi sita unawauliza walio hai. Kundi la A lina watu wengi waliotoka mbali sana, dhaifu, wanaotembea kwa kushika ukuta. Kundi la B wamebaki wale wenye nguvu tangu mwanzo. Wastani wa B utapendeza, na dawa iliyookoa watu itaonekana mbaya kwa sababu iliwaokoa.

Ndiyo maana huwezi kuwapima walio hai peke yao ukasema umemaliza. Zipo njia za kuwaweka wote pamoja. Majibu ya yale mambo matano ya EQ-5D, kwa mfano, yakigeuzwa kuwa thamani moja, huweka kifo kwenye 0 na afya kamili kwenye 1, na zipo hali ambazo watu huziweka chini ya 0. Njia nyingine ni kuhesabu siku ambazo mtu alikuwa hai na yuko nyumbani kwake, tuseme katika siku 90. Aliyefariki anapata 0, aliyerudishwa wodini anapunguziwa siku zake. Mimi naipenda hii kwa sababu haihitaji mtu apokee simu.

MkeWaFundi

Kaka Mtakwimu, nimekuelewa, ila "nyumbani" ni neno pana. Mume wangu alikuwa nyumbani siku nyingi sana, namlisha kwa kijiko. Siku zile kwenye hesabu yako ni siku nzuri?

Mtakwimu

Hapana dada. Hesabu ile inaziona nzuri, na hapo ndipo udhaifu wake ulipo. Lazima iende pamoja na majibu ya mgonjwa mwenyewe.

MkonoWaKushoto

Nasoma uzi huu nikitumia kidole kimoja kuandika, mnivumilie. Sepsisi iliniachia vidole vitatu mkono wa kushoto, na wa kulia walikata wote pamoja na kiganja, kwa sababu damu iliacha kufika.

Nilijazishwa SF-36, dodoso la afya lenye maswali 36. Yapo ya kupanda ngazi, kuinama, kubeba mizigo, kutembea umbali mrefu. Yote hayo naweza, miguu yangu haikuguswa. La kuoga na kuvaa lipo moja, limechanganywa pamoja. Kuoga naweza. Kuvaa, inategemea nguo. Kifungo cha juu cha shati kilinichukua muda mrefu kukiweza: nalibana shati kwa kidevu, kidole cha shahada kinasukuma kifungo, gumba linavuta tundu. Siku kilipoingia nilikifungua nikakifunga tena ili nihakikishe.

Mwaka wa kwanza nilijibu afya yangu ni mbaya. Mwaka wa pili nikajibu nzuri. Mkono haukuota. Kuna mtafiti aliniambia hilo ni tatizo kwao, kwamba mtu akizoea, kipimo chake kinabadilika na majibu hayalinganishiki. Nilimjibu kwa upole kwamba kuzoea ndiko kupona kwangu. Akiondoa huko kuzoea kwenye hesabu, atabaki na nini?

DaktariWaZamu

Niseme kinyume kidogo, kwa heshima zote. Mimi niko wodini na naona vifo. Utafiti wa sepsisi una fedha chache na wagonjwa wachache kuliko inavyohitajika. Mkiongeza madodoso manne, mtapata majibu mengi yasiyokamilika, na swali la msingi, kama dawa inaokoa maisha, litabaki halina jibu. Kifo hakibishaniwi. Hakihitaji tafsiri ya dodoso wala kumbukumbu ya mtu.

Pia kubadilisha kipimo hakuleti tiba. Ujerumani walifanya utafiti, ulichapishwa 2016, kwa watu 291 walionusurika sepsisi. Kundi moja lilipata mafunzo na ufuatiliaji wa karibu kupitia daktari wao wa kila siku, kundi jingine likapata huduma ya kawaida. Kipimo kikuu kilikuwa majibu ya wagonjwa wenyewe kuhusu hali ya akili miezi sita baadaye. Hapakuwa na tofauti ya maana kati ya makundi mawili.

PumziMpya

Daktari, karibu, na asante kwa kazi yenu. Mimi nipo kwa sababu yenu.

Kifo kibaki. Sijaona humu anayesema kiondolewe. Lakini huo mfano wa Ujerumani mimi nausoma vingine. Wale walithubutu kuuliza swali linalotuhusu, wakapata jibu kwamba njia ile haikutosha. Hilo ni jibu la kweli na lina faida kwetu, maana sasa tunajua pa kutafuta ni kwingine. Wangehesabu vifo tu, tusingejua hata hilo.

Na kuhusu madodoso manne, hapo nakubaliana nawe. Mtu aliyechoka asipewe kurasa ishirini. Mimi ningependa machache: unakumbuka? unajihudumia? umerudi kwenye kazi yako au shughuli uliyokuwa ukiipenda? unalala bila ndoto za kule ICU? Na moja lililo wazi kabisa, mgonjwa ataje mwenyewe kitu anachotaka kukiweza tena, aulizwe hichohicho kila mara. Kwa Mwalimu ni kumaliza mlinganyo. Kwa MkonoWaKushoto ni kifungo.

NesiWaSimu

Hilo la mwisho nimelinakili. Kwenye kikao cha kuandaa itifaki (mpango wa utafiti) mpya nitaliwasilisha, na nitaomba walionusurika waitwe mapema, kabla vipimo havijachaguliwa. Mara nyingi huitwa kusoma fomu ya ridhaa tu, mambo yote yakiwa yameshaamuliwa.

KijanaImara

Nesi, nina swali. Nimeambiwa nitapigiwa kwa ufuatiliaji wa mwaka mmoja. Nikitaka kusema jambo lisilo kwenye maswali yao, linaandikwa wapi? Au linapotea?

NesiWaSimu

Fomu nyingi zina nafasi ya maelezo mwishoni, na wengi wetu tunaandika. Ila ukweli ni kwamba nafasi ile mara nyingi haiingii kwenye uchambuzi. Fanya hivi: simu ikiisha, mwombe aliyekupigia aandike maneno yako kama ulivyoyasema, akusomee uyathibitishe. Kisha muulize jina la anayesimamia utafiti na umwandikie mwenyewe, hata ukurasa mmoja. Na kama siku hiyo umechoka, mwambie apige siku nyingine, una haki hiyo. Asubuhi ni nzuri kwa wengi, kichwa kinakuwa chepesi.