Naomba ushauri: mwinamo wa obiti kwenda Minmus kwenye Kerbal Space Program

Wakuu, habari zenu. Naomba msaada kwa wanaoicheza hii gemu ya kurusha roketi. Mun, mmoja wa miezi ya sayari ya Kerbin tunakorushia, nafika bila shida, kwa sababu obiti yake iko sawa na ikweta ya Kerbin. Minmus, mwezi wa pili, ndiyo inanisumbua: obiti yake imeinama nyuzi 6.

Kwa sasa narusha moja kwa moja mashariki, nakaa kwenye obiti ya kilomita 100, kisha nikifika nodi ya kupanda au ya kushuka (pale obiti yangu inapokatana na bapa la obiti ya Minmus) navuta pembetatu ya zambarau, ile ya kubadili mwinamo, hadi kipimo cha tofauti ya mwinamo kisome sifuri. Inafanya kazi, ila inakula mabadiliko ya mwendo (delta-v) ya kama mita 235 kwa sekunde, na hayo ndiyo mafuta ninayoyataka wakati wa kurudi. Inauma kweli, maana nyuzi 6 machoni ni kitu kidogo sana.

Je, ni bora nisubiri nodi ipite juu ya kituo cha kurushia ndipo nirushe kwa uelekeo wa nyuzi 84 au 96 kutoka kaskazini? Na mzunguko wa Kerbin yenyewe mnaufidia vipi? Au nirekebishe nikiwa njiani, mbali, ambako chombo kinaenda polepole?

Pia nataka kujaribu kurusha kama kutoka San Marco, kituo halisi cha kurushia roketi pale karibu na Malindi, ambako setilaiti ya Uhuru ilirushwa mwaka 1970. Kituo kikiwa takriban nyuzi 3 kusini mwa ikweta, nitapataje obiti yenye mwinamo sifuri? Mwenye uzoefu anieleweshe taratibu, hesabu siziogopi.