Mjadala: Mita za nguvu zipigwe marufuku kwenye mbio za baiskeli?

Mleta mada:
Wakuu, kuna hoja ya siku nyingi kwamba waendeshaji wavuliwe mita za nguvu, yaani vifaa vya baiskeli vinavyoonyesha papo kwa papo wati anazokanyaga mtu, wakiwa mashindanoni. Waendeshaji nyota Alberto Contador na Nairo Quintana waliwahi kuitaka marufuku hiyo, na mwaka 2018 Christian Prudhomme, mkurugenzi wa Tour de France, naye akaiunga mkono. Wanasema mtu anayepanda mlima macho yakiwa kwenye wati hathubutu kushambulia, yaani kuchomoka ghafla mbele ya wenzake, kwa sababu anajua atachoka lini.

Mimi napinga, na ninapopingia ni hapo hapo. Hajui.

Hesabu yenyewe iko hivi. Kila mwendeshaji ana kiwango cha nguvu anachoweza kukihimili kwa muda mrefu. Akikivuka, anakula akiba, yaani nishati ya ziada ya mwili yenye kikomo. Mwenye kiwango cha wati 300 na akiba ya kilojuli 20, akikanyaga wati 400 anatumia juli 100 kila sekunde. Sekunde 200, kwisha habari. Upande wa kutumia unahesabika vizuri.

Utata uko kwenye kurudisha. Utafiti mmoja wa 2010 uliwachosha watu hadi mwisho, kisha ukawaacha wakanyage taratibu: baada ya dakika 2 akiba ilikuwa imerudi asilimia 37, dakika 6 asilimia 65, dakika 15 asilimia 86. Yaani inakimbilia mwanzoni, halafu inasuasua. Mwaka 2012 Philip Skiba na wenzake wakatoa fomula ya kuifuatilia ikipanda na kushuka, na baadhi ya programu za mazoezi zinaitumia. Ilipojaribiwa kwa waendeshaji wa kiwango cha dunia, ikaonekana wao hupata nafuu haraka kuliko inavyotabiri. Tena hata kwa mtu yuleyule, akichoshwa mara ya pili akiba hairudi kwa kasi ya mara ya kwanza.

Hilo la mwisho limenipata. Nilikuwa nachapa dakika 3, napumzika dakika 3, kwenye kilima. Raundi ya tano skrini ikasema bado nina theluthi ya akiba. Miguu ikagoma, nikashuka nikasukuma baiskeli. Sasa kitu kama hicho ndicho tunaambiwa kimeua ujasiri?

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, umejifunga mwenyewe. Kama namba ni makadirio, kwa nini iachwe iongoze mbio? Na UCI, shirikisho la baiskeli la dunia, ilishakataza vipima sukari vya mwilini mashindanoni mwaka 2021. Tofauti iko wapi? Huko nako mwili unasomwa papo kwa papo.

Mchangiaji wa pili:
Tuangalie barabarani. Kigali, Septemba 2025, ubingwa wa dunia, kilomita 267.5. Mita zilikuwa ruksa, redio za timu hazikuwepo. Tadej Pogačar alishambulia kwenye Mlima Kigali zikiwa zimebaki kilomita zaidi ya 100, akashinda. Ukitaka kurudisha msisimko, toa redio. Kinachompoza mwendeshaji ni sauti ya kocha sikioni.

Mchangiaji wa tatu:
Yule ni mmoja. Wengine tunawaona kila Julai kwenye Tour de France wamepanga mstari nyuma ya mwenzao, wati zilezile mpaka juu. Na vijana wetu wasio na pesa ya mita wanajifunza kusikiliza mwili. Wote washindane hivyo.

Mleta mada:
Mchangiaji wa kwanza, hapo umenibana na nakubali nusu. Wati ni kipimo: mita inapima nguvu inayofika kwenye pedali, haisomi damu ya mtu. Akiba ni makadirio. Skrini ya akiba ikizimwa siku ya mbio, sitalalamika. Wati ziachwe.

Wa tatu, la pesa ni zito, lakini marufuku ya siku ya mbio haimsaidii kijana huyo. Tajiri atafanya mazoezi na mita mwaka mzima, aivue asubuhi ya mashindano akiwa tayari anajua miguu yake inabeba nini. Nani hapa anafundisha vijana bila mita? Mnapimaje kama mtu amepata nafuu kabla ya raundi inayofuata?