PCB: biomolekuli, utando wa seli na mawasiliano ya seli vinanishinda, naombeni ushauri

mtoto_wa_mwanga
Wakubwa shikamooni, wa rika langu mambo. Niko Kigoma mjini, nimepangiwa PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia), nasubiri kuripoti kidato cha tano. Nimeazima notsi za kaka mmoja jirani. Biomolekuli nimekariri, utando wa seli nimekariri, ila mawasiliano ya seli yamenikwamisha kabisa: kipokezi, protini G, cAMP, kinasi... Nikifunga daftari hakibaki kitu. Tuisheni ya advance huku ni ya kutafuta kwa tochi, na bando langu la kuungaunga. Nifanyeje?

Kibirizi_Boy
Hamia HGL (Historia, Jiografia, Kiingereza) mapema. Kule hakuna kinasi.

Ticha_mstaafu
Marahaba mwanangu. Unasoma mada tatu wakati mada ni moja. Kila molekuli iulize kwanza: unapatana na maji au na mafuta?

Fosfolipidi ina kichwa chenye fosfeti kinachopenda maji, na mikia miwili ya asidi za mafuta inayoyakimbia. Zikiwa majini hujipanga zenyewe safu mbili, mikia ndani, vichwa nje. Utando ndio huo. Ile picha ya protini zinazoelea humo ni ya Singer na Nicolson, 1972, na neno la kushika ni "zinazoelea". Nenda jikoni kwenu asubuhi yenye baridi utazame dumu la mawese: yameganda. Alizeti pembeni bado inamiminika. Karibu nusu ya asidi za mafuta za mawese zimeshiba, mikia imenyooka, inabanana vizuri. Za alizeti nyingi hazijashiba. Zina vifungo maradufu vinavyopinda mkia, hivyo haubanani na mwenzake. Ulaini wa utando wa seli unategemea jambo hilohilo.

Sasa ishara. Adrenalini inapatana na maji, haipiti katikati ya mikia. Basi kipokezi chake lazima kikae kwenye utando, kikitazama nje, na ndani ya seli apatikane mjumbe wa pili wa kupokea habari. Ndiyo kazi ya cAMP. Testosteroni ni steroidi, ndugu wa kolesteroli, inapatana na mafuta: inapenya yenyewe na kukuta kipokezi chake ndani. Hapo umekariri nini?

Nesi_Kasulu
Naongezea la wodini. Mwaka 2015 wakimbizi wa Burundi walipojaa Kagunga, kipindupindu kililipuka. Sumu ya bakteria yule ni protini. Inashika lipidi yenye sukari juu ya utando wa seli za utumbo, kipande chake kinaingia ndani na kuifanya protini G, ile swichi ya upande wa ndani wa utando inayochochea cAMP itengenezwe, isizimike. cAMP inapanda, mfereji wa kloraidi unabaki wazi, chumvi inatoka, maji yanaifuata. Mdogo wangu, hapo una sukari, lipidi, protini, utando na ishara kwa mgonjwa mmoja. Chora safari hiyo kwenye karatasi bila kuchungulia daftari. Utakapokwama ndipo pa kurudia.

mtoto_wa_mwanga
Asante sana dada. Sasa ORS, ile dawa ya kuchanganya na maji anayopewa anayeharisha, sukari ya nini? Kama kinachotoka ni chumvi na maji, chumvi peke yake si ingetosha?

Nesi_Kasulu
Kuna protini nyingine ya utando, SGLT1, ambayo sumu ile haiigusi. Inaingiza glukosi moja pamoja na sodiamu mbili, na maji yanafuata. Bila glukosi haifanyi kazi hiyo. Ndiyo maana pakiti ya lita moja ina glukosi gramu 13.5 na chumvi ya kawaida gramu 2.6. Na asije mtu akaongeza sukari akidhani anasaidia: ikizidi, inavuta maji yarudi utumboni.

Paper_Mbili
Matamu yote hayo, lakini mtahini hatakuuliza mawese. Kifungo cha peptidi (kinachounga asidi amino) na cha glaikosidi (kinachounga sukari) utavichora tu. Stachi ya muhogo na selulosi ya nyuzi zake zote ni glukosi. Tofauti ni kifungo cha alfa na cha beta, na ndiyo sababu moja tunaimeng'enya, nyingine inapita. Wengi maksi zinawapotelea hapo.

Ticha_mstaafu
Kuchora lazima, sibishani. Ila achore akijua anachora nini.

mtoto_wa_mwanga
Nimejaribu swali lako mwalimu. Insulini ni protini ya asidi amino 51, kipokezi nje. Estrojeni ni steroidi, ndani. Thairoksini imetokana na asidi amino, kwa hiyo nje?

Ticha_mstaafu
Hapo ndipo nilikuwa nakungoja. Kipokezi chake kipo ndani kabisa, kwenye kiini cha seli. Tafuta mchoro wake: pete mbili za kaboni, iodini nne, hayo yote hayana urafiki na maji. Lakini mkiani bado kuna kile kipande cha asidi amino chenye chaji. Kitazame vizuri, kisha uniambie kwa nini inahitaji protini za kuivusha kwenye utando.