Tuwaenzi vipi mashujaa wa Kagera baada ya Julai 25?

Mzazi wa Muleba:
Ndugu zangu, kila Siku ya Mashujaa viongozi wetu huweka mkuki, ngao na shada la maua kwenye mnara, kisha kila mmoja hurudi kwake. Je, sisi raia wa kawaida tunawezaje kuwaenzi askari wa Vita vya Kagera waliozikwa kwenye makaburi ya mashujaa ya Kaboya, hapa Muleba, katika siku nyingine za mwaka?

Mzee wa Kyaka:
Mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin, rais wa Uganda, yalipovamia na daraja la Kyaka likavunjwa, watu wa ng'ambo ya Mto Kagera walikimbia wakiacha migomba na mifugo yao. Leo navuka mto huo nikisukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi, bila hofu yoyote, na kila nifikapo katikati husimama kidogo na kuwashukuru vijana wale ambao hawakurudi kula ndizi za kwao. Wajukuu hunicheka, lakini sijaacha.

Binti Mhaya:
Shikamoo mzee. Nakubaliana nawe, ila naona shukrani ya moyoni pekee haitoshi iwapo mjane wa askari anaishi jirani na paa lake linavuja. Kijijini kwetu tulimlimia mmoja shamba la maharage, naye alifurahi zaidi tulipoketi kumsikiliza akisimulia habari za marehemu mumewe.

Mzazi wa Muleba:
Asanteni sana. Jumamosi nitawapeleka wanangu Kaboya, na tukirudi tutapita kwa bibi mmoja aliyempoteza kaka yake vitani.