Naombeni ushauri: "nchi" ya Mwanzo 1:1 niwaelezeje vijana?

Mwalimu_Kipaimara (Bukoba): Habari zenu wakuu. Nafundisha darasa la kipaimara. Tumesoma Biblia ya Union, "Hapo mwanzo Mungu aliziumba mbingu na nchi," kijana mmoja akauliza: "Nchi ipi, Tanzania?" Wenzake wakacheka, ila swali lake ni la haki kabisa. Kwao nchi ni mipaka, bendera na rais. Habari Njema imeweka "mbingu na dunia". Nitumie hiyo yaishe, au nieleze? Na neno lenyewe limetoka wapi?

Nakawa: Eleza, mwalimu, usilikimbie. Sisi Waganda tunasoma "eggulu n'ensi". Ensi hiyohiyo ni Uganda, na ni ulimwengu pia. Chini tunasema wansi. Wanyarwanda nao wana "ijuru n'isi", na chini kwao ni hasi. Ni neno moja la Kibantu, la kale kuliko serikali zetu zote.

Mwana_wa_Amu: Hata "chini" imezaliwa humo: ni nchi iliyotiwa -ni ya mahali, ile ya nyumbani na shambani. Huku Lamu utasikia nti na tini. Kwa hiyo nchi kwanza ni pale unapokanyaga, mambo ya utawala yamekuja baadaye. Waulize vijana "nchi kavu" ni nini, uone kama kuna atakayetaja bendera.

Fundi_Saidi: Kwa nini asiseme ardhi tu? Waislamu tunasema mbingu na ardhi, kila mtu anaelewa.

Mwana_wa_Amu: Ni sahihi, ndugu yangu, nalo limetoka kwenye Kiarabu. Ila kwa vijana wa leo ardhi ni kiwanja, hati na kesi ya baraza. Dunia pia ni ya Kiarabu, asili yake "iliyo karibu zaidi", yaani maisha haya kabla ya akhera. Ndiyo maana mtu akizama kwenye anasa tunasema kashikwa na dunia.

Nakawa: Mwalimu, soma nao mpaka aya ya 10. Pale Mungu anapaita pale pakavu Nchi, na makusanyiko ya maji Bahari. Jibu la kijana wako limo humohumo.

Mwalimu_Kipaimara: Asanteni sana. Wengi wao ni Wahaya, na nyumbani wanasema ensi. Jumapili naanzia hapo, kisha aya ya 10. Dunia ya Habari Njema tutailinganisha mwishoni, muda ukiruhusu.