Mwongozo wa miamba ya kupanda Iringa na Mbeya: tuchapishe sasa, au tumalizane na vijiji kwanza?

Kipimo_Iringa anauliza:

Kamwene wadau. Rasimu ya mwongozo wa njia za kupanda, kuanzia mawe ya granaiti yanayouzunguka mji wa Iringa hadi miinuko ya Mbeya, iko tayari kuchapwa, na tumegawanyika. Wapo wanaotaka kila mwamba uwekwe na namba zake za jipiesi, picha na mistari ya njia, na faili igawiwe bure kwenye simu. Wapo wanaosema mwamba usitajwe mpaka wenye ardhi wakubali kwa maandishi, na mingine isitajwe kabisa.

Msimamizi wa ardhi anatofautiana. Mwamba ulio kwenye ardhi ya kijiji uko chini ya halmashauri ya kijiji kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999. Ulio ndani ya Manispaa ya Iringa au Jiji la Mbeya, unaanzia kwa mtaa na halmashauri husika. Ulio ndani ya hifadhi ya msitu ya serikali kuu uko chini ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Hilo linaeleweka. Ninachotaka ni utaratibu wenyewe: karatasi gani ibaki mkononi, na ukurasa wa mwamba mmoja uwe na nini na usiwe na nini. Halafu kuna suala la bolti za zamani, vile vyuma vinavyopigiliwa kwenye jiwe ili vishike kamba ya mpandaji. Tutaje njia ambayo haijulikani nani aliweka bolti zake wala lini?

---

Dada_wa_Ifunda:

Mkuu, nianze na kosa linalorudiwa kila mahali: kusalimiana na mwenyekiti, akasema "karibuni", watu wakahesabu wamepewa ruhusa. Mwenyekiti peke yake hana mamlaka hayo. Barua iende kwa mtendaji wa kijiji, nakala kwa mtendaji wa kata. Itaje mwamba kwa jina wanalotumia wenyeji, mtapita wapi kuufikia, watu wangapi kwa siku, miezi ipi, na kama mtatoboa jiwe au hapana. Neno "kutoboa" lisifichwe. Mwanakijiji akisikia drili bila kuambiwa, atadhani mnatafuta madini, na hapo hakuna maelezo yatakayokubalika tena.

Barua inajadiliwa na halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25, kisha inapelekwa mkutano mkuu wa kijiji, ambao ni wa wakazi wote wa miaka 18 na kuendelea. Mkutano mkuu hukaa kila baada ya miezi mitatu, kwa hiyo barua inayofika siku chache kabla itasubiri robo nyingine. Karatasi ya kubaki nayo ni nakala ya muhtasari wa mkutano yenye mhuri na saini. Uchaguzi wa serikali za mitaa ni kila miaka mitano, wa mwisho ulikuwa Novemba 2024. Viongozi wanabadilika, muhtasari unabaki kwenye faili. Kwa sababu hiyo hiyo mwongozo usichape jina wala simu ya mwenyekiti. Andika "ripoti ofisi ya mtendaji wa kijiji" na ueleze ofisi ilipo.

Kabla ya yote hayo, kaa na wazee wa ukoo wenye eneo. Ukiuliza "mnafanyia tambiko kwenye huu mwamba?" utajibiwa ndiyo au hapana tu. Omba uonyeshwe. Mara nyingi panapotumika ni pango la chini au mti ulio ubavuni, na upande mwingine hauna neno. Wakikataa mwamba mzima, unatoka kwenye kitabu, na picha ya mwamba jirani inayouonyesha nyuma inatoka pia.

Kinachovunja makubaliano mara nyingi si mwamba, ni mahindi. Njia ya mkato inayopita katikati ya shamba ina maana kuanzia mvua za Desemba hadi mavuno ya Juni au Julai watu wanakanyaga chakula cha mtu. Kubalianeni njia ya mpakani, ichorwe kwenye ramani, na isemwe wazi kuwa hiyo ndiyo pekee, hata kama inazidisha dakika kumi.

Ada ipangwe na mkutano mkuu, ilipwe ofisini, itolewe stakabadhi. Wakitaka iwe ya kudumu, waitungie sheria ndogo, ambayo lazima ipitishwe na halmashauri ya wilaya. Fedha inayopita mkononi kwa kijana aliyekutana na wageni njiani itazaa madai mapya kila wiki.

---

Nyundo_Mbeya:

Nakubaliana na Dada kuhusu vijiji, ila wanaotaka kuficha kila kitu mpaka karatasi zikamilike wanasahau kuwa watu tayari wanapanda. Wanakwenda kwa kuonyeshana picha kwenye simu, bila urefu wa njia wala hali ya bolti.

Chukua urefu tu. Njia ya mita 28 inataka kamba isiyopungua mita 60 kama mpandaji atashushwa na aliye chini. Mwenye kamba ya mita 50 atafika juu vizuri, lakini akiwa anashushwa kamba itakwisha yeye akiwa bado mita sita juu ya ardhi, na kama hakuna fundo mwishoni, ncha inapita kwenye kifaa cha mshika kamba na mtu anaanguka. Kwa hiyo kila njia iandikwe mita zake, zilizopimwa kwa kamba yenye alama na si kwa kukadiria kwa macho, na sentensi "funga fundo mwisho wa kamba" irudiwe kwenye kila ukurasa bila kuona haya.

Bolti zisizojulikana: zitaje, lakini kama hatari, si kama njia. Andika "bolti za asili isiyojulikana, usizitegemee". Ukiziacha kimya, mtu ataziona akiwa chini na kuzipanda. Kuzikagua kwa macho kunatosha kukataa, hakutoshi kukubali. Dalili za kukataa ni kutu inayotiririka jiweni, sahani (kile kipande cha chuma kinachofungwa kwa bolti ili kunasia kamba) inayozunguka kwa kidole, nati iliyolegea, au sahani ya chuma cha pua iliyofungwa kwenye bolti ya chuma kilichopakwa zinki: mchanganyiko huo hula bolti kwa ndani, kwa sababu metali mbili tofauti zikikutana na unyevu, ile dhaifu huoza haraka. Bolti za dukani za kufungia mageti hazina nafasi mwambani hata kama zinalingana unene.

Kwa bolti mpya, kiwango cha Ulaya cha EN 959 kinataka nanga, yaani bolti na sahani yake, ihimili angalau kN (kilonyutoni) 25 kwa mvuto wa kwenda chini, karibu uzito wa tani mbili na nusu. Kwenye granaiti nzima, bolti ya kutanuka ya milimita 10 au 12, ya chuma cha pua, inatosha. Shimo litobolewe kwa pembe mraba na uso wa jiwe, lipulizwe na kupigwa brashi mara kadhaa mpaka lisitoe unga, kwa maana vumbi likibaki, koni ya mwisho wa bolti, ile inayoitanua, haishiki na bolti inazunguka ukiikaza. Nati ikazwe kwa spana yenye kipimo, kwa namba aliyoitoa mtengenezaji. Kukaza kwa nguvu za mkono kunaweza kuinyoosha bolti kabla haijabeba mtu.

Granaiti yetu ina tabia ya kubanduka kwa matabaka. Gonga kwa nyundo kwanza. Jiwe zima hulia kwa sauti kali ya chuma, tabaka lililoachia hulia kama debe tupu. Hapo usitoboe, na usitoboe karibu na ukingo au ufa. Angalia pia kama waponda kokoto wamewahi kuwasha moto chini ya mwamba. Joto hupasua granaiti sambamba na uso wake, nyufa zisionekane kwa nje, na bolti nzuri iliyowekwa hapo itatoka pamoja na bamba lake lote. Moto wa kusafisha mashamba wa Agosti hadi Oktoba nao huunguza kitako cha mwamba, kwa hiyo ukurasa uandikwe mwezi na mwaka wa ukaguzi wa mwisho.

Kuhusu hao waponda kokoto: msiwaite waharibifu kwenye kitabu. Jiwe la ujenzi nalo ni madini kwa Sheria ya Madini ya 2010, na mwenye leseni ndogo ya uchimbaji ana haki kisheria. Ulizeni ofisi ya madini kabla ya kuweka hata bolti moja, msije mkajenga njia ishirini kwenye eneo la mtu.

---

Michoro_ya_Kale:

Naongeza orodha ya mahali ambapo hakuna mjadala. Isimila, kama kilomita 20 kutoka Iringa kwa barabara ya Mbeya: zile nguzo ni udongo na mchanga ulioshikana, si granaiti. Zinamomonyoka kwa mvua tu, na eneo zima ni la zana za mawe za kale. Hapapandwi, na picha ya mtu akiwa juu ya nguzo isiingie kitabuni hata kwa mapambo. Igeleke, penye michoro ya miambani: vilevile. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda michoro na michongo ya kwenye mawe iliyofanywa kabla ya 1863, na kuiharibu ni kosa.

Tatizo kubwa ni michoro ambayo haijaorodheshwa. Wachoraji wa kale walipenda ukuta ulioinama, usiopigwa na mvua, kwa urefu unaofikiwa na mkono. Wapanda mawe mafupi, wanaopanda bila kamba, wanatafuta ukuta huo huo kwa sababu hizo hizo. Chaki wanayopaka mikononi ni kaboneti ya magnesiamu, inaingia kwenye vinyweleo vya jiwe, na brashi inayotumika kuisafisha inakwangua rangi. Kwa hiyo kabla ya kupaka chaki au kupiga brashi chini ya ukuta ulioinama, uukague wakati jua liko pembeni, asubuhi au jioni, ukitafuta wekundu wa udongo au weupe hafifu. Ukiona doa la shaka, usiliguse wala usilimwagie maji ili lionekane vizuri. Piga picha, toa taarifa kwa ofisi ya utamaduni ya halmashauri, na ukuta huo utoke kwenye rasimu.

Mfano wa kusoma ni Hueco Tanks, Texas, Marekani, penye michoro mingi na mawe yanayopandwa na watu wa dunia nzima. Mpango wa matumizi wa 1998 uliweka kikomo cha idadi ya watu kwa wakati mmoja kwenye mlima wa kaskazini, na sehemu nyingine hazifikiki ila kwa kuongozwa. Kupanda hakukufa. Ila kikomo kilikuja baada ya mwongozo na umaarufu, michoro ikiwa imeshapata madhara. Sisi tunaweza kukiweka kabla.

Gangilonga nako ningeacha bila bolti. Ni jiwe la historia ya Mkwawa, watu wa mji hupanda kwa miguu kutazama machweo, na kupigilia vyuma pale kutatugombanisha na mji mzima kwa faida ya njia chache fupi.

---

Kipimo_Iringa:

Asanteni. Gangilonga nimeitoa sehemu ya bolti. Imebaki hoja ya namba za jipiesi. Bila hizo mtu aliyeumia atapatikanaje? Na nyuki mnawaandikaje?

---

Kamba_Mufindi:

Ndugu, tenganisha namba za kumfikisha mtu na namba za kumwokoa. Desimali nne za digrii zinakuweka ndani ya mita 11 hivi, desimali mbili zinakupa eneo la kilomita moja. Mwamba wenye muhtasari wa kijiji uchape desimali nne za mahali pa kuegesha bodaboda au gari, halafu njia ya miguu ielezwe kwa maneno. Mwamba usio na makubaliano usiwe na namba yoyote, na picha zake zifutwe taarifa za mahali kabla ya kupakiwa, kwani simu huzihifadhi ndani ya picha bila kukuuliza. Faili ikishasambaa WhatsApp hairudi. Ndiyo maana sitaki toleo la bure la kila kitu. Chapeni miamba michache iliyokamilika, kila ukurasa na tarehe yake, mingine ifuate toleo lijalo.

Kwa uokoaji, namba pekee hazisaidii. Anayepokea simu ya Zimamoto, 114, anahitaji jina la kata, kijiji, shule au kanisa la karibu, na wapi gari linakomea. Andika maneno hayo tayari kwa kusomwa kwenye simu, pamoja na sehemu ya karibu ambapo mtandao unashika, kwa sababu nyuma ya miamba mikubwa mara nyingi haupo.

Nyuki wapewe alama yao kwenye mchoro: ufa upi, umbali gani kutoka kwenye njia, walionekana mwezi gani. Makundi huhama, kwa hiyo alama ya mwaka jana haithibitishi kuwa leo hawapo. Anayeanza kupanda akae chini dakika kadhaa akitazama mwamba dhidi ya mwanga kuona kama kuna wanaoingia na kutoka. Hatari kubwa ni mshika kamba kukimbia akaacha mwenzake hewani. Kifaa chenye kujifunga chenyewe kinamzuia mpandaji asianguke, lakini hakimshushi, hivyo mshika kamba awe na wavu wa uso mfukoni mwake tangu mwanzo na amshushe kwanza. Asiwafukize nyuki moshi wala kuwachoma: huenda ile asali inarinwa na familia ya pale, na utakuwa umeharibu mali ya mtu aliyekupa ruhusa.

Majina ya miamba yabaki ya wenyeji. Njia ipewe jina na aliyeifungua, mwamba usibatizwe upya. Nitumie kurasa za upande wa Mufindi nizilinganishe na mipaka ya mashamba ya chai, maana kuna mbili ambazo njia yake ya miguu inaingia kwenye barabara binafsi ya shamba, na hapo anayeombwa ni uongozi wa shamba, si kijiji.